Mawe ya Chokaa Karibu na Tanuri

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako mdogo amepona, na yule ng'ombe wako amezaa.

Umeuliza jiwe la chokaa linasafishaje gesi. Ujanani nilifanya kazi katika kiwanda cha pamba, Mhunze. Injini ya kiwanda iliendeshwa kwa gesi ya makaa ya mawe yaliyochomwa tanurini. Gesi hiyo ilinuka mayai viza na ilikuwa ikila injini yetu. Tukatia mawe ya chokaa mwisho wa bomba la gesi, gesi ikiwa imeshapoa, kama tunavyomwaga majivu chooni. Harufu ikabaki. Fundi wetu, Mama Nyanjige, akayahamishia mawe karibu na tanuri. "Jiwe hili hushika uchafu kwenye moto," alisema taratibu. Jioni harufu ikaisha.

Mwanamke yule nilimheshimu. Tangu hapo, jambo likinuka nyumbani, sisubiri lipoe.

Babu yako