Alisema Redioni ni Vidole Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniita mbaya, maana naandika nikiwa na hasira na hasira yenyewe hii ni wiki ya tatu, chakula hakipiti, kazini nawafokea hata wateja, nyumbani nako mama watoto siku hizi mashati yangu ya kazi anayaloweka kwenye beseni la peke yake kana kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza, na nikimuuliza ananiangalia tu. Basi kila kona nimebanwa, na aliyenifikisha hapa si mtu baki, ni mdogo wangu, tumbo moja, yule niliyemfundisha hata kufunga kamba za viatu.

Mimi ni fundi wa mafriji. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Lakini starehe yangu, mshauri, si pombe wala mpira, ni kutengeneza pedali za gitaa, vile visanduku ambavyo mpiga gitaa huviweka chini mbele ya mguu wake, akikikanyaga kimoja mlio unabadilika, unakwaruza au unalia au unavuta kama mpira, inategemea fundi amepanga nini ndani. Wengi hununua vya dukani. Mimi natengeneza kwa mkono, transista nazing'oa kwenye redio zilizokufa, waya naokota, na kasha lake ni kopo la biskuti lile la mraba. Nyumbani nilishapigwa marufuku, toka siku pasi yangu ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya ilipotoboa zulia jipya la mama watoto, na nilimwapia kabisa kwamba nimeacha, nikatupa boksi zima la vyuma mbele ya macho yake (vibovu tu, vizima nilishavihamisha), kwa hiyo sasa naifanyia stoo, pale karakana, saa ya mapumziko ya mchana, wenzangu wakienda kula mimi najifungia na moshi wangu. Hakuna anayejua isipokuwa huyo mdogo wangu, nitamwita Nyuzi, na nilimwapisha asimtajie mtu yeyote, maana watu wa bendi midomo yao haina mlango. Haya, tuendelee.

Nyuzi anapiga gitaa kwenye bendi. Miaka miwili iliyopita alikuwa anapiga vizuri tu, vizuri kama wengine mia, na mimi nikasema mdogo wangu huyu nitampa kitu ambacho hakuna aliye nacho. Nilikuwa na mlio kichwani, gitaa likikwaruza kama mtu mwenye mafua anayeimba kwa raha zake. Miezi minane, mshauri! Miezi minane sikula chakula cha mchana na wenzangu, nimejaribu transista thelathini na moja, moja baada ya nyingine, naiweka, nasikiliza, naitoa, vidole vimeungua mpaka siwezi kushika kikombe cha chai, na ile ya thelathini na moja, niliyoitoa kwenye redio ya gari bovu, ndiyo ikaleta ule mlio. Nyuzi alipolikanyaga lile kopo mara ya kwanza pale stoo aliketi juu ya mtungi wa gesi. Nami, kama ilivyo desturi yetu sisi watengenezaji, nikamwaga gundi ya kuchanganya ndani ya kopo, ile inayokauka ikawa jiwe, ikafunika kila kitu isipokuwa swichi, ili fundi mwingine akifungua asione nilichofanya akaniibia mlio wangu.

Mlio ukapendwa. Watu wakaanza kuja kusikiliza bendi kwa ajili ya gitaa. Mimi nikiwa nyuma huko, nimesimama na soda yangu, moyo unacheka.

Halafu ikaja ile siku ya redio. Tuko karakana, friji ya bucha imefunguliwa mgongo, redio inaongea juu ya kabati, mara nasikia mtangazaji anamkaribisha mdogo wangu. Nikawaambia wenzangu kelele ziishe. Mtangazaji akamuuliza, "Hebu tuambie, ule mlio wako unautoa wapi, maana hapa mjini hatujausikia kwa mwingine?" Mshauri, nilishaanza kutabasamu. Nyuzi akacheka, akasema, "Ni vidole tu, kaka. Vidole na mazoezi."

Vidole! Vidole vyake! Na vyangu vilivyoungua je? Fundi wa gesi aliyekuwa pembeni yangu akatikisa kichwa akasema huyu kijana amezaliwa na kipaji, na mimi nikashika bisibisi nikaikaza skrubu moja mpaka ikakatika.

Wiki iliyofuata huyo anakuja stoo, anapiga mluzi, kopo mkononi. "Kaka, swichi inakwama. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku yangu, saa kumi jioni mwenye hoteli anakuja kutusikiliza, anataka bendi moja ya kudumu. Tukipita, kaka, nimepata kazi ya kweli." Mkewe ana mimba ya miezi saba na yeye mwaka mzima anaishi kwa kuokoteza maonyesho. Akaendelea, bila haya, "Bila wewe mimi ni mtu wa kukwaruza waya tu." Umeona unafiki? Stoo ananisifu, redioni ananikana!

Nikachukua kopo. Nikabadilisha swichi, na hapa ndipo naomba unisome taratibu, ule waya wa katikati wa swichi nikauchomelea vibaya kwa makusudi. Sisi tunakiita kiungo baridi, risasi umeiweka kabla chuma hakijapata moto wa kutosha, kwa macho kimeshika na ukijaribu mezani kinafanya kazi, ila ukikikanyaga mara thelathini, arobaini, kinaachia na kopo linanyamaza. Halafu na swichi nayo, ambayo siku zote naiacha wazi kwa sababu ndiyo hufa kwanza, safari hii nikaimwagia gundi. Hata wakiwa na fundi jukwaani hawafungui kitu. Nyuzi akalijaribu kopo, likalia, akanikumbatia akaenda zake.

Sasa Jumamosi yenyewe ni wiki hii. Usiku silali vizuri, lakini nikikumbuka vile "vidole tu" hasira inarudi mbichi. Nakuuliza mambo mawili. Nimwache aumbuke ajifunze, ajue vidole vyake bila mimi vina thamani gani? Na kama unaona nimwambie, nitamfanyaje akiri hadharani kwamba mlio ule ni wangu?

Ni mimi,
Mwenye Mlio Wake.

*

Fundi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na bado nakuita mbaya.

Nianze na haki yako, usije ukasema nimekuonea. Miezi minane ya kushinda njaa si mchezo. Mtu akitoa jasho la namna hiyo halafu akasikia kazi yake imebandikwa kwenye vidole vya mwingine, lazima roho imuume. Hata mimi ningeikata hiyo skrubu. Umeumia, na kuumia kwako sikubezi.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikagota kwenye maneno ambayo wewe umeyapita mbio ukasema "haya, tuendelee". Hatuendelei. Rudi. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba ulimwapisha mdogo wako asimtajie mtu yeyote. Mtu yeyote, fundi! Sasa mtangazaji alipomuuliza, ulitaka ajibu nini? Aseme "ni kaka yangu, anajifungia stoo saa ya mapumziko," mama watoto akiwa jikoni na redio imewashwa? Kijana ameulizwa ghafla mbele ya watu, akakumbuka kiapo ulichomlisha, akafunga mdomo, akatupa jibu la kwanza lililomjia. Alikuwa anakulinda wewe na zulia lako lililotoboka. Na wewe, kwa kutunza siri yako, umemhukumu kama mwizi na adhabu ukampa bila kumwambia amekosa nini.

Tena alipokuja stoo, mlipokuwa wawili tu, pale ambapo kiapo kinamruhusu, alisema nini? "Bila wewe mimi ni mtu wa kukwaruza waya tu." Unaita huo unafiki! Ndiyo shukrani yenyewe hiyo, uliyokuwa unaisubiri, imekuja na miguu yake mpaka juu ya mtungi wa gesi, na wewe ukaijibu kwa kiungo baridi. Ungemuuliza swali moja tu, "mbona redioni hukunitaja?" Ungepata jibu kabla pasi haijapata moto. Hukuuliza, kwa sababu jibu ulikuwa nalo, na lilikuwa linakuhusu wewe.

Unaniuliza umwache aumbuke ajifunze. Ajifunze nini? Kwamba ukimpelekea kaka yako kitu akutengenezee, anakiharibu? Mtu mwenye mke mwenye mimba ya miezi saba asimame mbele ya mwajiri, akanyage, kopo linyamaze, akanyage tena, wenzake wamgeukie, na hata kulifungua haliwezekani kwa sababu kaka mtu amemwaga gundi juu ya ubaya wake. Aibu hiyo ingekuwa yako, fundi, ila angeibeba yeye.

Sasa sikiliza. Leo unakwenda kwa mdogo wako. Si kesho asubuhi, leo, na usingoje saa ya kutoka kazini, kama msimamizi wako ana moyo, omba ruhusa uondoke sasa hivi. Unabeba pasi, risasi, na swichi mpya. Kabla hujagusa kopo unamwambia ulichofanya, chote, mpaka gundi, na unamwacha akufokee mpaka achoke. Usianze kumweleza habari za vidole vilivyoungua, hiyo zamu yako imepita. Halafu unakaa chini, unaikwangua gundi yako hata kama itakuchukua mpaka alfajiri, unachomelea ule waya kwa moto wa haki, na unamwambia alikanyage kopo mara mia mbele yako. Swichi unaiacha wazi, na unamfundisha kuibadilisha mwenyewe.

Kuhusu kukiri hadharani, mfungulie kwanza kiapo. Mwambie maneno haya: kuanzia leo ukiulizwa, nitaje. Andika jina lako kwenye kopo kwa rangi, kubwa, upande unaoelekea watu. Ila hilo huwezi kulifanya kabla hujaongea na mama watoto, na hapo ndipo nimecheka peke yangu, maana unadhani hajui. Fundi wa mafriji hanuki moshi wa risasi. Mwanamke anayeloweka mashati yako kwenye beseni la peke yake ameshakunusa siku nyingi, na anakuangalia vile kwa sababu anasubiri useme mwenyewe. Kaseme, na umnunulie zulia.

Jambo la mwisho. Barua yako imenifikia Jumanne na gazeti hili linatoka Ijumaa asubuhi, kwa hiyo saa kumi unayoisoma hapa ni ya kesho. Nimemwambia mhariri aichape nzima, asikate hata neno, kopo la biskuti, redio ya gari bovu, hoteli, "vidole tu", vyote. Majina hayamo, lakini niambie, wapiga gitaa wanaokanyaga kopo la biskuti hapa mjini ni wangapi? Nimefanya makusudi. Kabla ya saa ya chakula cha mchana mtu mmoja wa bendi atakuwa ameufikia ukurasa huu na kumsomea mdogo wako.

Basi lifunge hili gazeti, fundi, uondoke. Umwambie wewe kabla hajaambiwa na mimi.