Kwa Fundi Cleophace wa Kalamu Nyekundu

Ni mwaka mmoja sasa tangu chupa za nyumba hii zikose mtu wa kuzitia alama. Baba yetu, Fundi Cleophace Muganyizi, alama zako bado zipo. Ipo moja kwenye chupa ya asali, ipo kwenye dumu la mafuta ya kula, ipo hata kwenye kichupa cha maji ya baraka: kistari chekundu na tarehe pembeni, ili ujue kama kuna mtu amemimina bila kusema. Asali yenyewe iliisha zamani. Chupa hatujaitupa, na Mama haruhusu ioshwe kwa nje.

Ulikuwa mtu wa kushuku, Baba, na hatutakupamba leo kwa kuwa hupo. Uliishuku mizani ya soko la samaki la Mwaloni, ukawa unakwenda kununua sangara na jiwe lako la kilo moja mfukoni. Ulimshuku kila mchumba aliyekanyaga hapa Ilemela, na mmoja ulimuuliza mbele ya watu kwa nini ana simu mbili. Mtu akikuamkia shikamoo, ulimtazama mikono kwanza ndipo ukaitikia marahaba. Lakini mtu huyohuyo aliyepima mafuta yetu kwa kalamu ndiye aliyeinuka mezani na sahani yake kwenda kumpa mlinzi wa jirani, akidai mboga haina chumvi. Mboga ilikuwa na chumvi, na sote tulijua.

Kazi yako ilikuwa pampu na nozo za injini za dizeli, za malori ya samaki na boti za mizigo, kwenye karakana ya Bwana Luhende pale Kirumba, wewe na mdogo wako Venant. Ulitufundisha kwamba nozo ina matundu membamba kuliko unywele, na yakibaki na uchafu injini inatoa moshi na kukosa nguvu. Kwa miaka ishirini na miwili mliziosha kwenye pipa la bluu lenye dawa iliyotoka Dar, dawa kali ya kuyeyusha mafuta na grisi. Unainama, unazamisha, unasugua kwa brashi, unatoa, na baada ya dakika tano chuma kimekauka chenyewe. Dawa ile ilikuwa na harufu tamu. Ulirudi nayo kwenye ovaroli, kwenye nywele, kwenye viganja. Sisi watoto tuliipenda. Brightness alikuwa hapati usingizi mpaka afunikwe shati lako, kwa sababu lina harufu ya Baba. Inatuuma kuandika hivyo.

Bwana Luhende alipoleta mashine ya maji, ulirudi nyumbani umenuna. Ulituelezea ukiwa umesimama: sinki la chuma lenye hita chini, maji ya moto yenye sabuni yake maalumu, na mtetemo wa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliifikii. Eti mtetemo huo unazalisha vipovu vidogo mno, vinapasuka juu ya chuma na kung'oa uchafu hadi ndani ya matundu. Hakuna brashi, hakuna pipa. Ulisema hiyo ni hadithi ya muuza mashine. Ulimshuku Bwana Luhende kwamba anataka kupunguza mafundi, ukayashuku maji kwamba yatajaza kutu kwenye vyuma vya watu, na ukaishuku sabuni pia, ukalitia dumu lake kistari siku ya kwanza.

Kesho yake ulipita kwenye kibanda cha chipsi ukaomba kipande cha ile karatasi ya kung'aa ya kufungia. Ukakizamisha kwenye mashine ikiwa imewashwa, dakika chache tu, ukarudi nacho nyumbani. Ulikiinua dirishani, mwanga ukapita kwenye vitobo visivyohesabika ambavyo hakuna mkono wa mtu uliovitoboa. “Maji haya yana meno,” ndilo neno pekee ulilosema, ukakiweka ndani ya kitabu chako cha sala. Bado kipo humo.

Kutu hukuisamehe hata hivyo. Ulileta nozo mbovu kumi na mbili, zote zimeoshwa kwa maji, ukazipanga kwenye dirisha la jikoni. Sita ulikuwa umezipuliza kwa upepo wa kompresa na kuzipaka mafuta mepesi, na sita umeziacha zijikaukie. Mama alikatazwa kufungua dirisha, akapika kwenye moshi akikusema kwa Kihaya. Siku ya tatu zile za kujikaukia zilikuwa na madoa. Zile nyingine zilikaa wiki tatu bila doa hata moja, hadi Mama akadai dirisha lake. Tangu hapo uliandika juu ya mashine kwa kalamu yako, kwa herufi kubwa: UPEPO, KISHA MAFUTA. Hakuna nozo iliyotoka mkononi mwako bila kufuata maneno hayo.

Ni Mama aliyegundua jambo jingine. Tangu tukujue ulikuwa unakula huku umejibana kwa vidole viwili katikati ya macho, na ukiulizwa unasema ni jua la ziwani. Sasa ilikuwa imepita wiki ya nne hujaomba vidonge vya kichwa. Alipokuambia, uliweka kijiko chini ukamtazama kana kwamba amekufumania.

“Nimeshuku watu wote wa Kirumba, Mama Koku,” ulisema. “Pipa sikulishuku hata siku moja.”

Ulikuwa umechelewa. Miguu ilianza kuvimba, na hospitali wakasema ni figo. Daktari hakusema ni dawa ya pipa, wala hakusema siyo. Alisema figo huharibiwa na mambo mengi na yeye hawezi kuapa. Sisi pia hatuapi. Kwenye matanga yako walitajwa watu kwa minong'ono, jirani huyu, fundi yule mliyegombana. Hakuna aliyelitaja pipa, nalo lilikuwa limesimama palepale lilipokuwa siku zote. Tunashuku tu, Baba, na wewe ndiye uliyetulea hivyo.

Ukiwa kitandani uliomba jambo moja, kwamba pipa liondoke. Bwana Luhende alikubali mbele ya Mama. Baba mdogo Venant alikushika mkono, naye akakubali.

Siku ya kuanua matanga, Baba mdogo ndiye tuliyemweka kwenye kiti chako. Amehamia chumba cha uani. Ameziba paa, amemsindikiza Brightness chuoni siku ya kwanza, na Jumapili anamshika Mama mkono kwenye ngazi za mawe kama ulivyokuwa ukifanya. Hatuna neno baya juu yake. Tunampenda, na tungekuwa hatumpendi tusingeandika haya.

Mwezi wa tatu Mama alikuwa anafua. Aliinua ovaroli ya Baba mdogo, na kabla haijagusa maji akaikumbatia akalia. Harufu yako ilikuwa imerudi. Anasema alilia hadi povu la kwenye beseni likaisha, na kilio kile kilimpa faraja ambayo hakuipata hata siku ya mazishi. Kisha machozi yakakauka, akajiuliza harufu hiyo imetoka wapi.

Alimuuliza. Baba mdogo akajibu kwamba kuna mteja ameleta pampu iliyooshwa kwingine. Mama akasema sawa, shemeji, lakini moyoni hakusema sawa. Alifungua droo yako akatoa kalamu nyekundu. Siku mbili baadaye alipeleka chakula karakana, akaomba maji ya kunawa, na wakati wanamtafutia bakuli akalitia dumu la sabuni kistari.

Alirudi baada ya wiki tatu na ndizi za kupika. Kistari na sabuni vilikuwa sawasawa, hakuna hata tone lililopungua. Maji ya kwenye mashine yalikuwa ya baridi, na maneno yako yalikuwa yameshika vumbi. Nyuma ya stoo, chini ya turubai, alilikuta pipa la bluu. Turubai lilikuwa na vumbi, ila pembe moja ya kulifunulia haikuwa nalo.

Bwana Luhende, ambaye siku hizi anashinda Sengerema, alishatuambia kwamba pipa limerudishwa kwa waliolileta. Alikuwa anatazama viatu vyake wakati anatuambia. Hatujui kama anadanganya au anadanganywa, na hatujaamua kipi ni kibaya zaidi.

Tunajua kwa nini Baba mdogo amelirudia. Umeme unakatika, maji yanataka kuchemshwa, na wenye boti wanamsimamia kichwani wakitaka kuondoka. Siku moja aliharakisha, akatoa pampu bila kuipuliza, ikashika kutu, na mwenye pampu akaja kumfokea mbele ya watu. Pipa halijawahi kumwaibisha. Wewe mwenyewe uliliamini miaka ishirini na miwili, hatuwezi kumshangaa yeye.

Mama alimuuliza mara ya pili, safari hii bila kuzunguka.

“Kaka alikuwa mgonjwa, shemeji,” alijibu. “Mimi ni mzima.”

Alikuwa amejibana kwa vidole viwili katikati ya macho. Mama akamuuliza hicho nacho ni nini, akasema ni jua la ziwani. Brightness aliinuka mezani akaenda nje, na mimi Koku nikajifanya natafuta chumvi. Tuliogopa, Baba. Tumeogopa tangu siku hiyo, na hofu hii ni mbaya kuliko ile ya hospitali, kwa sababu safari hii tunaijua njia yote inakoelekea.

Mtoto hamhoji baba yake mdogo, na Mama ameshauliza mara mbili. Kumwendea Bwana Luhende ni kumchongea ndugu yetu kazini. Kwa hiyo tunakuambia wewe. Wengine watasikia tu.

Jumapili hii baada ya Misa, ndugu na majirani watakaa uani, na maneno haya yatasomwa kwa sauti kabla hayajapelekwa gazetini. Tulikubaliana kwamba msomaji ni yule tuliyemweka kwenye kiti chako. Baba mdogo hajayaona. Yamo kwenye bahasha, na kwenye mdomo wa bahasha tumepiga kistari chekundu ili tusije tukamshuku kwamba alichungulia. Kama sauti yake inasikika sasa hivi, basi amefika hapa bila kuruka mstari, na tunamshukuru kwa moyo wote.

Jumatatu Mama atapeleka chakula Kirumba, na kalamu atakuwa nayo. Anataka kuikuta sabuni imeshuka chini ya kistari. Nyuma ya stoo, pale lilipokuwa pipa, anataka kukuta alama ya duara sakafuni na si kitu kingine.

Unakumbukwa na mke wako Odeta, ambaye bado anapika dirisha likiwa wazi na kuomba msamaha. Na binti zako, Kokushubira aliyeandika haya na Brightness aliyelala na shati lako. Na mdogo wako Venant, anayesoma.

Daima tutakukumbuka, Baba. Ila kwa harufu ile, hatutaki kumkumbuka mtu mwingine.