Masuke ya Maman Zawadi

Jumanne, Kamembe.

Kosa halikuwa langu. Wiki nzima niliogopa kwamba nilichelewa kuchuma masuke machanga, jua likayaharibu. Leo nimeyachuma alfajiri, nikayatazama kwa hadubini, na matokeo ni yale yale. Katika masuke ya majani ya malisho ya Maman Zawadi, seli za chavua zinapogawanyika, kromosomu kadhaa hukosa wenzi na kubaki katikati. Katika majani mengine, yale mafupi ya kando ya mto, zote hujipanga mbili mbili, kisha huachana kwa utaratibu.

Shamba la mbegu la kituo chetu litapandwa yale mafupi. Nimekwisha kuandika hivyo, wala sibadilishi.

Maman Zawadi alishuka kutoka kilima cha Nkungu saa nne, amekasirika kwamba majani yake yameachwa. Ng'ombe wa kilima kizima hula majani aliyoyagawa yeye, kipande cha shina kwa kila jirani, nayo huitwa kwa jina lake.

"Mzee, majani yangu imekukosea nini?"

Nilimketisha mbele ya hadubini. Alitazama kwa muda mrefu.

"Eeh! Aba babili banabakia nyuma! Benzabo beshafika!"

"Hao wawili waliobaki nyuma ya wenzao ndio sababu mbegu zake ni tupu," nilimwambia. "Yakipandwa kwa shina yatastawi kama zamani. Kwa mbegu, hapana."

Hakunishukuru. Alipotoka alichomeka kipande cha shina lake kando ya ua wangu, akakikanyagia udongo.

"Utaona kama iko tupu, Mzee!"

Kitaota, najua. Nilikimwagilia maji mara tu alipopinda kona.