Jiwe Lisiloonja Mvua

Bremen, 9 Februari 2024

Baba mpenzi,
Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, ila baridi tu. Wewe je? Shangazi Shekha aniambia tangu Mama atutoke hutoki nje ila msikitini.

Nimekwama. Matumbawe ya kale niliyokuja nayo kwa utafiti wangu hayafai: maji ya mvua yaliyapenya yakavuruga urani iliyomo, ile metali yenye mnururisho. Tumbawe likiwa hai hunyonya urani baharini. Likifa, urani hiyo hugeuka thori, metali nyingine, polepole, kwa kasi isiyobadilika. Nikipima iliyobaki na thori iliyozaliwa, napata umri wa jiwe. Bila jiwe safi sihitimu mwaka huu. Nitafutie, Baba: gumu, jeupe, linalong'aa ndani.
Mwanao, Sahla

Mambrui, 2 Machi 2024

Mwanangu Sahla,
Waaleikum salaam, marahaba. Mie sijambo, magoti tu ndiyo yanilalamikiayo. Nimefika hadi Kuruwitu kwa Bi Rufaida, mjane mwenye machimbo ya mawe ya tumbawe ya kujengea. Nilipomweleza, alicheka. "Wenzio huja na lori. Wewe wataka kipande kama ngumi, tena kisichoonja mvua?" Akafunga leso kiunoni, akashuka nami shimoni. Tumepasua mawe hadi adhuhuri. Nakutumia matatu. Jumatano narudi, huenda hayo yasitoshe.
Babako

Bremen, 20 Mei 2024

Baba, shikamoo. U hali gani?
Yametosha! Mawili ni safi kabisa. Yana miaka kama laki moja na elfu ishirini na tano. Zama hizo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Hapo machimboni walipita samaki. Nimeruka mbele ya mwalimu wangu bila haya. Nahitimu, Baba!

Lakini Shangazi asema kila Jumatano bado waenda Kuruwitu. Mawe ya nini tena?
Mwanao, Sahla

Mambrui, 8 Juni 2024

Mwanangu, marahaba. Afya tele, na hongera!
Nilimsomea Rufaida barua yako. "Samaki, kwangu?" akauliza, akaangalia juu kana kwamba atawaona.

Swali lako lanitia haya. Sifuati mawe. Nimemposa. Amenijibu: "Siingii nyumbani kwa watu kabla binti yao hajaridhia." Basi nangoja neno lako, wala chakula hakipiti.
Babako

Bremen, 19 Juni 2024

Baba, shikamoo.
Kula, tafadhali. Nimelia, nimecheka, nimeridhia. Msifunge ndoa kabla ya Agosti, nitakapokuja. Mwambie Bi Rufaida hina yake nitampaka mimi.
Mwanao, Sahla