Filamu ya Muchiri

Majengo, Nyeri
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Junaid,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba jua la huko limekubakishia nyama kidogo mwilini. Sisi tu wazima, ila baridi ya mlima mwaka huu imetuandama. Baba anakusalimu sana. Nusu ya salamu zake ni manung'uniko, kwa hiyo utazichambua mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ninayo. Ni kwa sababu kila nikikupigia na kuanza kulalamika, mtandao wako huharibika ghafla. Karatasi haina mtandao. Nitampa jirani yetu Sumayya, anayerudi kazini huko kesho, naye ameniahidi kukukabidhi mkononi na kusimama hapo mpaka uisome yote.

Yale ya hospitali unayajua. Daktari alisema mguu wa kushoto wa Baba ukatwe chini ya goti kabla sukari haijaupanda wote, na Baba akakataa kutia dole gumba kwenye fomu. Imamu alikuja kumsihi, mimi nikalia, daktari akasema mwisho ni Jumanne hii, akichelewa hapo sukari haitadai mguu tena, itadai roho. Ndipo mzee akatoa sharti lake. Alisema hakatwi mguu kabla hajamsikia Muchiri akifika nyumbani. Nilidhani ni homa inayosema. Kumbe ni filamu! Ati kuna kijana anaitwa Muchiri, alifukuzwa na baba yake, akatangatanga akipigana na watu, mwishowe akarudi. Jina la filamu Baba halijui. Na wewe wajua tangu macho yamzimike, filamu kwake ni ya masikio tu.

Nilipokwambia haya, ulinijibu kwamba ni jambo rahisi, nikodi kwa mtandao, dakika mbili yamekwisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka yangu. Hebu nikuhesabie kunguni.

Hiyo runinga uliyotutumia ni nzuri, Mungu akuzidishie, lakini inafyonza bando la intaneti kama ndama. Bando la siku nzima liliisha kabla sijamaliza kujisajili. Nikanunua jingine. Kukodi filamu moja ni shilingi mia tatu na hamsini, na baada ya saa arobaini na nane inajifunga, uwe umeimaliza ama ulikuwa unapika. Ningelipa hata hivyo, ila nilipotafuta Muchiri nililetewa harusi ya Muchiri mmoja wa Othaya, na bwana mwingine anayeuza mbegu za viazi. Baba aliisikiliza ile harusi yote, hotuba za wajomba na kukata keki, akingoja kijana aanze kupigana.

Nikaenda kwa Shirleen, yule msichana mwenye duka la filamu karibu na stendi. Kwake ni bei ya kutupa, unapeleka flashi yako na kila filamu anakuwekea kwa shilingi ishirini. Nilipomtajia Muchiri aliniuliza, "Ni Muchiri wa dijei gani, auntie? Hapa niko na Muchiri tisa." Ndipo akanielimisha mimi mjinga. Kumbe hizi filamu za nje zikitafsiriwa, dijei anayesema juu yake huwapa watu majina ya huku ili wasikilizaji wasipotee. Mhindi anakuwa Muchiri, mchumba wake anakuwa Njoki, na mji wao unakuwa Karatina. Kwa hiyo nilikuwa nikimtafuta duniani kote mtu ambaye jina lake alipewa na dijei. Nilichukua wote tisa. Runinga yako ilikataa watatu. Wale sita, Baba alimsikiliza kila mmoja kwa dakika moja, akatikisa kichwa na kusema, "Siyo sauti." Siyo sauti! Nilizima runinga kwa hasira nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Shirleen akanielekeza Kutus, kwa mzee mmoja ambaye bado anakodisha sidii za zamani. Sidii ni shilingi hamsini kwa siku, na hiyo hamsini isikudanganye, maana nauli ya kwenda na kurudi ni mia sita, na kesho yake lazima uirudishe, mia sita nyingine. Juu ya hayo unaacha kitambulisho. Nilibeba mbili, nikaazima deki ya kuzichezea kwa Mwangangi, yule polisi wa nyumba ya pili. Moja ilikwama mahali Muchiri amening'inia kwenye treni, na mpaka leo sijui kama alishuka. Ya pili, siyo sauti. Wakati huo huo hospitali wananiulizia kitambulisho, nacho kimelala Kutus. Wallahi, Junaid, nilikuchukia kidogo siku hiyo. Baba nilimchukia zaidi.

Niliporudisha sidii, yule mzee aliona uso wangu akanihurumia. Alisema Muchiri anayerudi kwa baba yake alikuwa maarufu zamani kwenye kibanda cha video cha Magdaline, huko Chaka. Nilipolisikia jina la Chaka, nilichukua kitambulisho changu nikatoka bila kuaga. Nawe unajua kwa nini.

Ndugu yetu Ilyas hatajwi katika nyumba hii, lakini leo nitamtaja. Miaka tisa sasa tangu Baba aseme kwamba hakuna mwanawe atakayekula kwa kupiga kelele juu ya sinema za Wahindi, akamfungia mlango. Ilyas alikwenda Chaka akawa dijei kweli. Baada ya miaka miwili ikatokea ile ajali ya Naro Moru, tukamleta nyumbani akiwa amefunikwa.

Magdaline sasa anauza chapati pale pale kibanda kilipokuwa. Nilipomtajia Muchiri alifuta mikono, akaketi. Alisema hiyo ilikuwa kazi ya Ilyas. Halafu akaniambia jambo ambalo bado sijui niliweke wapi. Siku za soko, Baba alipokwenda Chaka kuuza mitumba, aliuweka mzigo wake nyuma ya kibanda na kuegemea mabati, akisema anatafuta kivuli. "Kivuli gani na kulikuwa na mawingu?" Magdaline aliniuliza. Alikuwa akimsikiliza mwanawe, kila soko, mpaka filamu iishe. Kwenye ile ya Muchiri, kijana anaposimama mbele ya lango la kwao, katika filamu yenyewe hasemi neno. Ilyas ndiye aliyemtia maneno, kwamba, "Baba, nimerudi, nifungulie." Kama Ilyas alijua nani yuko nyuma ya mabati, Magdaline hajui. Nilimwomba sidii hiyo. Alinishangaa, akasema sidii zote za Ilyas alizitia kwenye katoni akanikabidhi mimi mwenyewe siku ya matanga.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Katoni niliipokea. Nilikuwa na uchungu, Junaid, na sikutaka kuona kitu chochote cha Chaka. Wakati ule ndege walikuwa wakinimalizia spinachi, na watu walisema sidii zikining'inizwa juani zinawafukuza. Nilizitoboa zote kwa msumari wa moto nikazifunga kwa kamba juu ya matuta. Miaka saba zimening'inia pale, maandishi yake yamefutwa na mvua. Nilizunguka mpaka Kutus nikitafuta kitu nilichokuwa nikipita chini yake kila asubuhi nikienda kuchuma mboga. Nilizishusha, nikaziosha, nikazijaribu kwenye deki ya Mwangangi moja moja. Hakuna iliyosema hata neno. Na Baba, aliyekuwa amekaa kibarazani, akaniuliza mbona shamba limenyamaza leo. Alikuwa amezoea kuzisikia zikigongana.

Magdaline alikuwa amenipa jina halisi la filamu. Basi nilifanya ulivyosema tangu mwanzo, nikakodi kwa mtandao, mia tatu na hamsini na mabando matatu. Jana mchana nilimketisha Baba, nikazima sauti ya runinga kabisa, nikasogeza kiti nyuma yake. Nikasema mimi. Ndiyo, nilikusudia kumdanganya baba yangu kipofu. Nilikaza koo kama Ilyas, nikawaita watu Muchiri na Njoki, nikapigana, nikafa, nikafufuka, karibu saa tatu nzima. Baba hakusema siyo sauti. Tulipofika langoni nilikuwa nimeshaanza kulia, na maneno yalinitoka vibaya, "Baba, nimerudi, nifungulie."

Baba alinyoosha mkono mbele yake, akasema, "Ingia, mwanangu. Mlango uko wazi."

Filamu ilipoisha nilizima runinga. Kisha Baba akasema Ilyas alikuwa akisema upesi kuliko mimi, na hakuwa akivuta kamasi. Akaagiza fomu na kidau cha wino. Amekwisha kutia dole gumba, upasuaji ni Jumanne asubuhi, tuombee. Ya sidii sijamwambia bado. Nitamwambia akipona, nawe usinitangulie.

Wasalimie wote unaokaa nao. Bando usitume tena. Tangu jana Baba hataki komeo la mlango litiwe mchana, na kila mtu akipita njiani anainua kichwa. Wewe nawe una miaka sita hujaja, Junaid, na hukufukuzwa na mtu. Njoo useme mwenyewe pale mlangoni, maana mimi koo limekwisha.

Wako akupendaye, aliyekauka sauti,
Nadhira