Trela la Watu Watatu

Shambani Wirrabilla, karibu na Blackall
14 Julai

Bridie mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko Toowoomba isiwe inakuuma masikio. Sisi hatujambo. Baba yako ana afya tele, ng'ombe wamekonda lakini wanatembea, na yule mbwa Biskuti amekula kiatu changu cha pili. Mimi leo nina wiki sita za ndoa. Kila asubuhi naangalia pete kwanza, halafu dirisha na ile nchi tambarare iliyo rangi ya mkate, halafu huyo mwanamume anayekoroma pembeni yangu, na najiuliza: Jacinta, umefanya kazi gani duniani hata ukapewa hivi vyote?

Sasa habari yenyewe. Baba yako amekubali! Likizo ya Septemba tunakwenda baharini, Agnes Water, siku kumi, sisi watatu, na tutanunua trela la kambi letu wenyewe, lile la kukokotwa na gari na kulala ndani. Jumamosi tuliendesha gari kwa muda wa saa saba mpaka Rockhampton kuyaangalia matrela. Mimi niliyeuza mikate miaka mitano nilidhani trela ni trela. Kumbe kuna aina kama za mikate! Kuna lile la sanduku gumu, paa lake linainuliwa kwa mkono kama kofia, na ndani ni nyumba kamili. Kuna la sakafu ngumu, kifuniko chake kinapinduka na kuwa sakafu, hema likasimama lenyewe dakika tano. Na kuna la kizamani, la turubai tupu, linalofunguliwa ubavuni na kutandazwa chini, kisha mnahangaika na vyuma na kamba mpaka mnagombana.

Muuzaji akaniuliza, "Bibi, mko wangapi?" Nikasema, "Watatu." Bridie, neno hilo lilinijaa mdomoni kama keki.

Nimependa lile la sakafu ngumu. Chumba kimoja kikubwa, kitanda chetu juu, godoro lako hatua mbili chini, na paani dirisha la wavu. Nililala pale dukani na viatu vyangu nikaona mwanga ukipita kwenye turubai, rangi ya asali, nikatuona wote watatu tukiamka humo na bahari inasikika. Baba yako akasema, "Shuka mke wangu, watu wanapanga foleni." Sikushuka upesi.

Niambie wewe unapenda lipi.

Mke wa baba yako (napenda sana kuliandika neno hilo!),
Jacinta


Toowoomba, bwenini
21 Julai

Kwa mke wa Baba,

Hujambo. Mimi sijambo. Jumapili tunalazimishwa kuandika nyumbani nusu saa, na mwalimu wa bweni huangalia kama ukurasa umejaa, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa.

Silitaki hilo la chumba kimoja. Siku ya harusi mlibusiana mara kumi na nne. Mimi na rafiki yangu Tess tulihesabu. Kama mnataka nije, nataka ukuta, na mlango wa kwangu unaofunguka nje, siyo kupitia kwenu.

Na labda nisije. Mama anataka niende kwake Hobart. Yuko peke yake.

Bridie, binti wa Fergus


Wirrabilla
28 Julai

Bridie mpendwa,

Pole na baridi, na ahsante kwa barua yako, hata na herufi zake kubwa. Hapa wote wazima. Nilimsomea baba yako mezani. Akaweka uma chini. "Kumi na nne? Hajahesabu mbili za nyuma ya tangi la maji." Nikampiga na kitambaa cha vyombo. Halafu akachukua tena uma, akasema, "Lakini mtoto ana haki."

Ana haki kweli. Nitakuambia ukweli: niliona uchungu kidogo. Nilikuwa nimeshalala ndani ya lile trela kichwani mwangu wiki nzima, nimeshapanga hata mapazia. Lakini ndoto ya watu watatu iliyootwa na mmoja ni ya mtu mmoja tu, sivyo?

Basi jana tulirudi Rockhampton. Muuzaji alituonyesha lile la kizamani, la turubai tupu, nililolicheka. Ubaya wake ni kuhangaika na kamba. Uzuri wake ni kwamba ubavuni unafunga kwa zipu chumba cha pili, chenye kuta zake, sakafu yake, dirisha lake, na mlango unaofunguka nje moja kwa moja. Mtu anatoka, anakwenda baharini, hamwambii yeyote. Nikaingia humo peke yangu, nikafunga zipu, nikamwita baba yako kwa sauti ya kawaida. Hakusikia. Nikamwita mara ya pili. Hakusikia. (Labda alijifanya. Unamjua.)

Tumelinunua. Ni la kijani lililofifia, kama majani ya mikalitusi baada ya vumbi. Likizo ni yako, uje au uende Hobart, lakini chumba ni chako tayari.

Wako,
Jacinta


Wirrabilla
18 Agosti

Bridie mpendwa,

Hujambo? Wiki tatu kimya! Natumaini si mafua. Tess naye hajambo? Sisi wazima, isipokuwa mimi nina aibu, na nisipokuambia mwenyewe baba yako atakuambia vibaya zaidi.

Muuzaji alisema turubai jipya lazima lizoeshwe maji kabla ya safari: lisimamishwe, liloweshwe chepechepe, liachwe likauke, mara tatu, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Tukalisimamisha uani, kazi ya saa mbili na nusu, na hatukugombana ila mara moja. Lakini maji, Bridie! Unajua tangi lilivyo. Baba yako akasema, "Tone moja la tangi halimwagwi juu ya hema. Tusubiri mvua." Mvua ya nani? Mwaka wa pili huu hainyeshi.

Basi alipokwenda kwa ng'ombe wa mbali nikapata akili. Maji ya mashine ya kufulia! Siku nne nilikinga kila ndoo, nikapanda ngazi, nikamwagia. Lilipendeza mno, linameta, linanukia maua. Nilikaa kwenye kiti nikalitazama likikauka, kasuku weupe wanapita juu, nikajiona mwanamke wa busara kuliko wote magharibi ya Queensland.

Baba yako akarudi. Akanusa. Akashika turubai, akanusa tena vidole. "Mke wangu," akasema polepole, "umeifua nyumba?"

Nimekosea nini? Amecheka mpaka amekaa chini, hawezi kunieleza.

Jacinta


Toowoomba
25 Agosti

JACINTA!

Sabuni!! Hujambo lakini SABUNI! Sabuni inakula ile dawa ya turubai inayozuia maji! Hata Biskuti anajua! Nimemsomea Tess, na Tess amewasomea bweni zima, na mwalimu wa bweni amekuja kutunyamazisha, akasoma, akatoka nje kucheka.

Sasa sikiliza. Usimwage kitu kingine. Mwambie Baba ateke maji ya bwawa la ng'ombe, siyo ya tangi, hata yakiwa na tope, tope halina ubaya. Suuzeni mpaka povu liishe kabisa. Likikauka nenda kwa Mzee Clarrie wa matandiko ya farasi pale mjini, mwambie unataka nta ya makoti ya mvua. Atakuuliza ya nini. Mwambie ya hema, usimwambie kisa, atakisimulia mpaka Krismasi. Ipake kwa brashi, jua likiwa kali, anzia kwenye mishono. Baba alinifundisha nikiwa na miaka saba tulipopaka koti lake. Chumba changu anza nacho, tafadhali.

Ukurasa umejaa na herufi ni ndogo, umeona?

Kuna kitu. Mama aliuliza kwenye simu kama nitakwenda nanyi baharini. Nikasema sijui. Siyo kwamba sitaki. Ila nikienda, nikafurahi, ataniuliza, na nitasema nini? Yeye Hobart anakula mbele ya televisheni. Nikisema nilifurahi, ataumia. Nikisema sikufurahi, ni uongo, na mimi nikidanganya nakuwa mwekundu hata kwenye simu na yeye anajua. Nikiwa na chumba changu naweza kusema nilikaa peke yangu. Ndiyo maana ya ukuta. Kidogo ni ile ya kubusiana, lakini kidogo tu.

Usimwambie Baba.

Bridie


Wirrabilla
1 Septemba

Bridie wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Turubai limesuuzwa, limekuwa na madoa ya bwawa kama ramani, na nta imepakwa, chumba chako kwanza. Mzee Clarrie anakijua kisa chote, samahani, alinitazama tu nikaropoka.

Sikumwambia baba yako. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa humo chumbani mwako, mlango wazi. Mchana turubai linaangaza kwa ndani, kama kukaa ndani ya jani.

Mimi si msomi, nilimaliza sekondari nikaenda kwa mikate. Ninalojua ni hili. Usije ili kunifurahisha mimi, na usikatae ili kumlinda mama yako. Yeye ni mtu mzima, na ni mama. Mimi sijawa, lakini nilikuwa binti, na mama yangu alijua siku zote nilikofurahi, hata niliponuna. Akikuuliza, mwambie ilivyokuwa. Kama ataumia, ataumia na wewe ukiwa karibu, si na uongo karibu. Na ukienda Hobart siku zote kumi, mimi nitalia mchana mmoja, halafu nitakutumia kombe la baharini. Basi.

Jacinta


Toowoomba
8 Septemba

Kwa Jacinta na Baba,

Hamjambo. Nimemwambia Mama kwenye simu nitakaa nanyi siku tano, halafu tano kwake. Nilisikia friji lake likinguruma. Kisha akasema, "Vaa kofia."

Nitakuja na basi la Ijumaa. Leteni mkate wa Jacinta, siyo wa dukani.

Bridie


Toowoomba
13 Oktoba

Mama mdogo Jacinta,

Hujambo, na Baba hajambo? Mimi sijambo, ngozi ya pua tu inabambuka. Tess anasema nimekuwa kama mjusi. Mmesikia mvua? Huku imenyesha dakika kumi, tukatoka wote na nguo za kulalia. Mwambie Baba kwamba mchanga wa Agnes Water bado unatoka kwenye kitabu changu cha hesabu, na kwamba mkate aliouchoma kwenye majivu nilimpa ndege pelikani, siyo kwamba niliumaliza.

Nilikuwa nimepanga nikifika Hobart nisianze mimi kusimulia habari za baharini. Niliweza siku moja. Asubuhi ya pili Mama alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, na mimi nikaanza tu, kama bomba lililopasuka. Nikamwambia jinsi unavyoamka huko na hewa yote ni ya kijani, na mawimbi yanasikika kabla hujajua wewe ni nani. Nikamwambia Baba aliimba. Nikamwambia ulimkimbia kaa mdogo kama kifungo, ukapanda juu ya meza. Nikamwambia mlango wangu niliufunga usiku wa kwanza, halafu nikasahau kuufunga. Nilisema yote, mpaka nikaona ameacha kupaka siagi.

Nikasema, "Samahani Mama."

Akasema, "Ya nini?" Alikuwa na macho ya maji, hilo sitakuficha. Alikwenda kusimama dirishani, akatazama ule mlima wao wenye wingu, muda mrefu, chai ikapoa. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Hilo trela, ni la sakafu ngumu au la turubai?"

Nikasema la turubai. Akasema yeye na Baba hawakuwahi kuwa na trela, walikuwa wanasema mwaka kesho, mwaka kesho. Akakaa. Akataka nimchoree. Nikamchorea yote matatu, na chumba cha ubavuni, na mahali kamba zinapopita. Akaniuliza maswali mengi ambayo siyajui majibu yake. Nikamwambia kuna mtu anayajua.

Kwa hiyo hii ndiyo sababu ya barua, siyo Jumapili tu. Januari nitakuwa kwake wiki tatu. Anataka twende ziwani, milimani, mimi na yeye. Gari lake ni dogo, kupanda mlima linahema kama mzee. Mvua hunyesha huko karibu kila siku. Mama anaogopa buibui na hajawahi kupiga kigingi maishani mwake. Tutakuwa wawili. Tuchague lipi? Andika kila kitu, hata kuhusu sabuni, nimeshamwambia lakini anataka kusikia kwako.

Anakusalimia. Anasema usijibu haraka haraka. Ukae ufikirie vizuri, kama ulivyofikiria la kwetu.

Binti yenu,
Bridie