Gaudence Mushi, Uliyepiga Simu Kabla ya Kuandika Kifo

Mwaka umetimia, Baba Erick, tangu moyo wako usimame ghafla pale ghalani Mesquite, kando ya Dallas, ukiwa na kofia yako ya sufu kichwani katikati ya joto la Agosti. Tumelia, tumenyamaza, tumelia tena. Lakini leo hatukuletei machozi peke yake. Tunaogopa, na hofu hii umetuachia wewe.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa mpakiaji wa mizigo na mwandishi wa riwaya. Vitabu vyako vilichapwa nyumbani, vikaletwa huku ndani ya masanduku ya wasafiri, vikazungushwa Dallas nzima mpaka majalada yakabanduka. Mgeni akishuka uwanja wa ndege katika baridi ya mwezi wa kwanza, awe wa kwetu au wa watu, ulikuwa umeshafika kumngoja na koti la ziada mkononi.

Kuandika humu ndani mwetu hukuweza. Ulisema nyumbani panakukodolea macho. Ulibeba kompyuta yako na lile blanketi la kijivu, ukaenda kuketi kwenye chumba cha kufulia cha hapa kwenye apatimenti, katikati ya mashine za kukaushia, eti mngurumo wake ndio unaokusaidia kuwasikia wahusika. Blanketi lilikuwa kisingizio tu, likafuliwa likiwa safi hadi likachakaa. Ulifungia karanga shavuni na hukuzitafuna mpaka aya iishe. Tena ulisema maneno ya wahusika kwa sauti, mara mwanamke, mara mzee, hata akina mama wa Kimeksiko wakadhani unasali, wakawa wanapita kwa adabu. Nilikucheka sana, mume wangu.

Ila kuna jambo moja sikuwahi kulicheka. Majina ya kubuni uliyakataa, ukisema hayana miguu. Uliazima majina ya watu unaowajua. Na kwa kuwa uliamini kwamba maneno huumba, kabla ya kumtia mhusika ugonjwani au kaburini ulimpigia simu mwenye jina. "Uko mzima? Umekula?" Ukishasikia sauti yake, ndipo unaandika. Watu wakaanza kuiogopa namba yako. Absalom wa Houston alisimamisha gari kando ya barabara kuu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, nimekufa?" Kwamboka, nesi wetu Mkenya, alikujibu bila kusita: "Aki niue tu, but usinipatie bwana mlevi!"

Halafu, katika hadithi yako ya mwisho, ukachukua jina la mwanetu.

Ulimweka msichana aitwaye Ndeshi juu ya paa la jengo huko Houston, mafuriko yakipanda. Na Ndeshi wetu anaishi Houston hiyo hiyo, mtaa wa Gulfton, nyumba ya ghorofa ya chini kabisa, akisomea unesi. Wiki ile uliyotuacha ulimpigia. Nilikuwa namenya ndizi, nikasikia yote.

"Uko mzima, mwanangu?"

"I'm fine, Dad." Kisha akashtuka. "Wait. Unaniua?"

"Bado sijaamua."

Mkacheka wote wawili. Siku chache baadaye ukaenda kazini na hukurudi.

Ukamwacha mtoto pale pale juu ya paa, Baba Erick. Mwaka huu wote mvua ikitajwa kwenye televisheni, nampigia Ndeshi kuuliza kama amekula. Nilimwomba Erick amalizie. Akaniambia, "Mama, ni story tu." Nikamwambia, "Basi kama ni story tu, mshushe. Sentensi moja." Akaketi mbele ya kompyuta yako, akanyoosha vidole, akavirudisha kama aliyegusa sufuria ya moto. "Mama, kesho nina meeting," akasema, akawasha gari akarudi kwake Plano. Msomi wetu huyo.

Mwezi wa sita tufani ikaipiga Houston. Simu ya Ndeshi iliita bila kupokelewa, kisha ikaacha kuita kabisa. Hapa Mesquite jua lilikuwa linawaka, watoto wanacheza mpira nje, na mimi nimeshika rozari nisijue nimefika tendo la ngapi. Nikafungua kompyuta yako. Mimi, ambaye sijawahi kuandika zaidi ya matangazo ya jumuiya! Niliogopa Mungu asije akaniuliza nani kanipa kazi yake. Lakini niliogopa zaidi kukaa kimya. Nikagonga kwa kidole kimoja: Maji yakapungua. Ndeshi akashuka, akaingia ndani, akapika, akala, akashiba. Nikaifunga haraka kama inayong'ata.

Kesho yake ikaingia simu ya namba ngeni. Ilikuwa ya Fidèle, jirani yake Mkongo wa ghorofa ya juu, na aliyekuwa akiongea ni Ndeshi. Maji yaliingia kwake mpaka magotini. Fidèle na mkewe walimpandisha kwao kabla hayajafika mlangoni.

"Niko mzima, Mama."

Nililia. Kisha nikamwambia nilichokifanya. Nilidhani atanicheka, maana nyinyi wawili mlikuwa wacheshi. Hakucheka. "Read it to me," akasema. Nikamsomea. Akaniuliza, sauti yake ikiwa ya mtoto mdogo: "Na kesho, Mama? Kesho umeniandikia nini?"

Ndiyo kazi uliyoniachia. Kila asubuhi kabla ya chai naandika: Ndeshi ameamka. Ndeshi amefika chuoni. Ndeshi amerudi. Ungeisoma, ungeifuta yote, maana haina mgogoro hata kidogo. Wasomaji wako wanauliza kitabu kitatoka lini. Nawajibu kwamba bado, na siwaambii kwamba nukta ya mwisho sithubutu kuiweka. Siku nikiumwa Erick ananishikia zamu. Huandika mstari mmoja, kisha hunipigia kuuliza kama umekaa vizuri.

Unakumbukwa na mkeo Prudensia, wanao Erick na Ndeshi, dada yako Yasinta aliyeko Moshi, na rafiki zako Absalom, Kwamboka na Joyceline. Leo asubuhi, kabla ya kuyaandika majina haya, tumempigia simu kila mmoja. Wote ni wazima, na wote wamekula.

Hakuna siku tutakayokusahau.